BREKI ZA MAFUTA KWENYE BAISKELI YA MLIMANI: TUZIPIME VIPI?

Ndugu msomaji, usishangae kukuta makala ya breki katika jarida la Chama cha Kiswahili. Mashairi yapo kurasa nyinginezo, na hadithi zimejaa tele. Mimi nimeombwa na wenzangu kadhaa, hasa wale wanaokuja shuleni kwa baiskeli, niwaeleze jambo moja tu: hizi baiskeli za mtumba zenye diski na breki za mafuta, ambazo siku hizi zinaonekana huku Laare na Maua, ni za kuaminika au ni urembo? Mjomba wangu ni fundi wa baiskeli, nami kila likizo humshikia spana. Kwa hivyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu.

Swali hili si dogo. Sisi wa Laare tunaishi mgongoni mwa milima ya Nyambene. Ukiacha lami, karibu kila njia ni ya kupanda au ya kuteremka, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Na watu hawateremki mikono mitupu. Kuna mtungi wa maji, kuna gunia la miraa linalowahi gari, na mara nyingine kuna mdogo wako ameketi kwenye keria akikushika shati. Breki isiposhika, hamuanguki peke yenu wawili. Chini kule kuna watu wanatembea.

Wazee wetu walijua baiskeli moja tu, Black Mamba. Breki zake ni vyuma virefu vinavyovuta vipande viwili vya mpira kuelekea juu hadi vibane rimu kwa ndani. Kukiwa kukavu, zinafanya kazi. Lakini rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza tu, na mwendeshaji anamalizia kazi kwa soli ya kiatu. Baadaye zikaja baiskeli za mlimani zenye mikono miwili inayobana rimu kutoka kulia na kushoto kwa waya, ambazo mafundi huziita V-brake. Hizo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, nami nitazirudia. Kisha zikaja diski za kuvutwa kwa waya, na sasa hizi za mafuta.

Aliyekuwa macho katika somo la Fizikia Kidato cha Kwanza ameshakutana na jambo hili. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya 1623 na 1662, ndiye aliyeeleza kwamba ukikandamiza kioevu kilichofungiwa, mkandamizo unaenea sawasawa kila upande. Breki ya mafuta ni hiyo tu. Kwenye mkono wa breki pana pistoni ndogo. Katika kalipa, yaani kile kipande kinachoikumbatia diski, pana pistoni mbili kubwa, moja kila upande. Kati yao ni paipu iliyojaa mafuta. Tuseme pistoni ya juu ina kipenyo cha milimita 10, na kila moja ya chini milimita 22. Eneo la ile ya chini ni karibu mara 5 ya ile ya juu, kwa hivyo kila moja inasukuma pedi kwa nguvu mara 5. Ndiyo sababu kidole kimoja au viwili vinatosha kusimamisha baiskeli yenye mzigo.

Lakini hakuna cha bure. Ukizidisha nguvu mara 5, safari nayo inapungua. Katika mfano wetu, mafuta yanayosukumwa yanagawanywa kwa pistoni mbili, kwa hivyo ile ya juu ikisogea milimita 10, kila moja ya chini inasogea milimita 1 tu! Sasa fikiria kapovu ka hewa kameingia ndani. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Ule mwendo mdogo wote unamezwa na kapovu, na mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani bila baiskeli kujali. Mteja mmoja alimwambia mjomba, "Fundi, hii kitu inashika asubuhi, mchana inakataa." Mjomba akamjibu, "Si inakataa, kijana. Ina hewa, na hewa ikipata joto inapanuka."

Joto ndilo jambo la pili la kuelewa. Chukua mwendeshaji wa kilo 60, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 25. Jumla ni kilo 100. Akiteremka kimo cha mita 100 tu, bila kuongeza mwendo, nishati ya kuondolewa ni karibu jouli 100,000. Diski mbili za chuma zenye gramu 300 kwa pamoja zinahitaji kama jouli 138 ili zipande nyuzi moja. Gawanya: nyuzi zaidi ya 700! Bila shaka hazifiki huko, kwa maana upepo unapoza diski, na sehemu ya nishati inaishia hewani na kwenye tairi. Hata hivyo hesabu hiyo inakuonyesha kwa nini hupaswi kugusa diski kwa kidole ukifika chini. Pia inaonyesha kwa nini mafuta ya breki ni lazima yawe yale yasiyochemka upesi.

Basi tufike kwenye kupima. Ukipelekwa kuona baiskeli, usianze na rangi wala gea. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Shika mkono wa breki, uubane kwa nguvu, ukae umeubana kwa muda wa dakika nzima. Ukisimama mahali pamoja kama umegonga ukuta, ni vizuri. Ukizama polepole kuelekea usukani, kuna mahali mafuta yanavuja, hata kama huoni. Ukiwa laini kisha ukakazana baada ya kupampu mara tatu nne, kuna hewa ndani au pedi zimekwisha. Hewa hutolewa, mafundi husema "kublidi", na kazi yenyewe si ngumu mtu akiwa na vifaa. Lakini uvujaji kwenye kalipa ya bei rahisi mara nyingi maana yake ni kununua kalipa nyingine, kwa sababu vipuri vya ndani haviuzwi peke yake. Futa kwa kitambaa kikavu pale paipu inapoungana na mkono na pale inapoungana na kalipa, bana tena mara kumi, kisha futa tena. Kitambaa kikiwa na unyevu, muage muuzaji.

Pili, soma maandishi kwenye kifuniko cha mkono wa breki. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo baiskeli nyingi zinauawa na watu wenye nia njema. Kuna aina mbili za mafuta. Breki za chini za bei ambazo utakutana nazo zaidi, kama Shimano MT200 ya kampuni ya Kijapani na Tektro M275 ya kampuni ya Taiwan, hutumia mafuta ya madini, na mara nyingi imeandikwa hivyo: Mineral Oil. Breki nyingine, kama nyingi za Avid na Hayes, hutumia DOT, yale yale ya magari na ya pikipiki zenye diski. Sasa, hapa kwetu DOT inapatikana katika kila duka la vipuri vya bodaboda, lakini mafuta ya madini ya breki ni lazima uyatafute. Fundi asiyejua anafanya nini? Anamimina DOT kila mahali, ati "mafuta ya breki ni mafuta ya breki." Lakini wapi! Ile mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa mafuta ya madini inavimba na kulainika ikiguswa na DOT. Baiskeli moja ililetwa kwetu ikiwa imefanyiwa hivyo kwingineko. Pistoni zilikuwa zimekwama nje, gurudumu halizunguki, na hapakuwa na la kufanya ila kutupa breki zote mbili. Kinyume chake pia ni kweli: usitie mafuta ya madini katika breki ya DOT. Na mafuta ya kupikia usithubutu kabisa. Najua wapo waliopendekeza.

Kila aina ina tabia yake. DOT 4 isiyoguswa na maji huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 230, lakini hunywa unyevu wa hewani, na ikishashiba kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana inapaswa kubadilishwa mara kwa mara. Pia inaharibu rangi ya baiskeli na ngozi ya mikono. Mafuta ya madini hayanywi maji. Ila maji yakiingia, yanazama hadi kwenye kalipa, penye joto kuliko pote, na maji ni maji, yanachemka kwenye nyuzi 100.

Tatu, chungulia pedi. Ile sehemu inayosugua ikibaki nusu milimita, yaani kama karatasi tano za daftari zikipangwa pamoja, imekwisha. Pedi iliyoingiwa na grisi au mafuta ya cheni inapiga kelele na haishiki. Watu huichoma, huipiga msasa, huiosha kwa petroli. Nimeona yote, na mara nyingi ni pedi mpya iliyomaliza ugomvi. Diski nazo zinaisha. Nyingi huanza na unene wa milimita 1.8, na zikifika 1.5 zinapaswa kubadilishwa. Halafu uangalie kama kwenye diski pamechongwa onyo kwamba itumiwe na pedi za resini pekee, kwa sababu diski za bei ya chini za Shimano huwa hivyo. Pedi za resini ni kimya na zinashika vizuri, ila tope letu jekundu linazila haraka sana wakati wa mvua. Zile za chembechembe za chuma hudumu zaidi, lakini zingeimaliza diski ya namna hiyo.

Nne, na hili wengi hawalijui: uliza baiskeli imetoka nchi gani. Katika pikipiki zetu breki ya mbele huwa mkono wa kulia, na baiskeli za Uingereza nyingi ni vivyo hivyo. Zilizotoka Marekani na nchi nyingi za Ulaya bara, ya mbele ni mkono wa kushoto. Kijana aliyezoea bodaboda akibana mkono wa kushoto kwa nguvu kwenye mteremko akidhani ni breki ya nyuma, ataruka juu ya usukani. Kwa V-brake, kubadilishana waya ni kazi ya dakika chache. Kwa breki za mafuta, mara nyingi ni kufungua paipu na kutoa hewa upya.

Baada ya hayo yote, ninazionaje? Breki ya mafuta ya daraja la chini ikiwa nzima ni bora kuliko kitu chochote kingine cha bei yake kwenye mteremko wenye tope. Diski iko juu, mbali na matope ya tairi, na mkono hauchoki. Katika mashindano ya 10to4, yaliyoanzishwa hapa jirani Mlima Kenya kuchangia Mount Kenya Trust, washindani waliteremka kutoka futi 10,000 hadi 4,000. Huko sitaki hata kufikiria breki ya Black Mamba. Lakini si kila bingwa anaziimba sifa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, kwa breki za kubana rimu. Mwaka 2021, alipokuwa ameshahamia diski, alilalamika hadharani kwamba zinasugua na kupata joto kwenye miteremko mirefu. Naye alikuwa na mafundi wa timu nzima nyuma yake!

Kwa hivyo mwenzangu unayekaa mbali na Maua, usiye na njia ya kupata mafuta ya madini wala pedi za namba ile, ushauri wangu ni V-brake yenye rimu za alumini na mipira mizuri. Waya wake unauzwa kila soko, na ukikatika unajua umekatika. Diski ya waya ya bei rahisi kabisa siipendi; mara nyingi pedi moja tu ndiyo inayosogea, na inataka kukazwa kila juma. Ya mafuta nunua ikiwa imepita vipimo vyote vinne, na ukiwa na fundi anayeweza kusoma kifuniko kabla hajafungua chupa.

Ukishainunua, kuna mambo ya safarini. Usikubali matatu iifunge juu ya keria miguu juu kichwa chini, kwa sababu hewa iliyo kwenye kitangi cha mkono inaweza kupanda hadi kwenye paipu. Ikilazimika, ukifika isimamishe wima, uiache kidogo, kisha ubane mikono mara nyingi kabla hujapanda. Gurudumu likitolewa, mtu asiguse mkono wa breki. Pistoni zitatoka, pedi zitakutana, na diski haitaingia tena. Weka kadibodi iliyokunjwa katikati ya pedi. Na pedi zikiwa mpya, tafuta mahali tambarare kama uwanja wa shule, kimbiza baiskeli, punguza mwendo bila kusimama kabisa, urudie mara 20 au 30. Hadi hapo pedi haijakubaliana na diski, kwa hivyo mzigo na mdogo wako wasubiri.