Utando Hutenga Sumu, Hauiangamizi

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi atrazini, kiuagugu kilichonyunyizwa katika mashamba ya mahindi kwa miongo mingi. Hata mchanga wa kuchujia huipitisha, kwa sababu imekwisha kuyeyuka majini. Mkaa ulioamilishwa huinasa, ila masalia ya majani na udongo hugombania nafasi hiyohiyo, na mkaa hujaa. Ndiyo maana mwaka 1999 mtambo wa Méry-sur-Oise, kaskazini mwa Paris, ulianza kusukuma maji ya mto Oise kwa shinikizo kupitia tando zenye vitundu vya takriban nanomita 1. Kiwango cha Ulaya ni mikrogramu 0.1 ya kila kiuatilifu kwa lita, yaani gramu 1 katika lita milioni 10. Utando hukifikia kwa njia mbili. Molekuli kubwa hukwama. Zenye chaji hasi, kama glaifosati, kiuagugu kingine, husukumwa nyuma na chaji ya utando wenyewe, ingawa ni ndogo kuliko atrazini. Vipande vidogo visivyo na chaji, vinavyotokana na kuvunjika kwa atrazini, ndivyo hupenya kwa urahisi zaidi.

Ufanisi huo wa kweli usitufiche jambo moja: hakuna hata gramu ya sumu iliyoangamizwa. Lita 85 kati ya 100 zikipita, karibu sumu yote hubaki katika lita 15, na ukali wake hukaribia mara saba. Wapo wanaosema kwamba kuyarudisha maji hayo mtoni si kosa, kwani sumu ilitoka hukohuko. Uzito wake kweli hauongezeki, lakini maji ya kuizimua yamepunguzwa, na mji ulio chini ya mto nao huteka humo. Maji hayo yanaweza kutibiwa kwa mkaa au ozoni, na kwa kuwa ni machache kazi hupungua; gharama, hata hivyo, huongezeka juu ya umeme wa pampu. Wengine hudai kuzuia sumu shambani huchelewa mno kuzaa matunda. Ni kweli: Umoja wa Ulaya uliikataa atrazini mwaka 2004, na masalia yake bado hupatikana katika maji ya ardhini. Ucheleweshaji huo ndio sababu ya kuanza mapema, sambamba na tando. Mamlaka yoyote ya maji inayotaka kuzinunua ieleze kwanza, kwa maandishi, maji yaliyokataliwa yataelekezwa wapi.