Sura ya Saba: Msuli Unaofunga Jicho

Tabasamu mbele ya kioo hadi mashavu yapande, kisha tazama pembe za nje za macho yako. Mistari miwili, mitatu, pengine minne itachomoza hapo na kutawanyika kuelekea masikioni. Imeletwa na msuli mmoja mwembamba unaolizunguka jicho lote na ambao kazi yake kubwa ni kulifunga. Unapojikaza, ngozi iliyo juu yake haina pa kwenda, hivyo hujikunja kuelekea nje kama mdomo wa kiroba kinapofungwa kwa kamba. Ndiyo maana mikunjo hii hukingama na nyuzi za msuli, haifuatani nazo.

Kijana akiacha kucheka, mistari hupotea. Mtu wa miaka 50 akiacha kucheka, baadhi hubaki, kwa kuwa ngozi iliyokunjwa mahali palepale kwa miongo kadhaa, huku ikipigwa na jua, hatimaye hupoteza mnyumbuko wake. Mikunjo ya aina ya kwanza ni ya mwendo, ya pili ni ya kudumu. Nayatenganisha haya mapema kwa sababu watu wengi hutoka kliniki wamenuna, kumbe walilipia dawa ya mikunjo ya kwanza wakitarajia ifute ya pili. Sindano ya Botox tunayoizungumzia hapa haiinyooshi ngozi, haiijazi wala haiirudishii ujana. Inachofanya ni kuuzuia msuli usiipate amri ya kujikaza.

Namna binadamu alivyojifunza kuinyima misuli amri ni habari inayoanzia kwenye soseji. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ufalme wa Württemberg uliokuwa kusini mwa Ujerumani ya leo, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji za damu zilizohifadhiwa vibaya. Daktari wa wilaya, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi wa kusifika, alikusanya taarifa za wagonjwa hao na kuzichapisha mwaka 1820 na tena mwaka 1822. Aliona kwamba kope zao zililegea, waliona vitu viwiliviwili, mdomo ulikauka, mwisho pumzi ikakata, na muda wote huo akili ilikuwa timamu. Alifika hadi kuionja sumu yenyewe, jambo ambalo simshauri mtu. Lakini hoja yake moja ilitangulia wakati wake: kama sumu hii inakata mawasiliano ya neva, basi kiasi kidogo sana kingeweza kuwatuliza watu ambao neva zao zinafanya kazi kupita kiasi.

Bakteria anayeitengeneza sumu hiyo alipatikana baadaye. Mwaka 1895 wanamuziki waliopiga kwenye mazishi katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, walikula nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi wakaugua, na watatu wakafariki. Émile van Ermengem alichunguza nyama ile na miili ya marehemu, akamtambua kiumbe tunayemwita leo Clostridium botulinum. Anaishi udongoni kote duniani na hustawi pasipo hewa. Huku kwetu pia yupo: mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya watu nchini Kenya waliopata sumu yake baada ya kula kumbikumbi.

Kutoka kumbikumbi hadi kliniki za urembo palihitajika daktari wa macho mwenye tatizo lisilohusiana na urembo hata kidogo. Alan Scott wa San Francisco alikuwa akitafuta njia ya kutibu makengeza bila kisu. Jicho likivutwa upande mmoja na msuli wenye nguvu kuliko mwenzake, aliwaza, kwa nini usiudhoofishe huo wenye nguvu? Aliijaribu sumu ile kwanza kwa nyani, na matokeo ya majaribio yake kwa binadamu yakachapishwa mwaka 1980. Mwishoni mwa 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu dawa yake kwa makengeza na kwa maradhi ya kope kujifunga zenyewe kwa nguvu. Kampuni ya Allergan ikainunua na kuipa jina la Botox.

Mwaka 1987, jijini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mwanamke mwenye maradhi hayohayo ya kope. Siku moja mgonjwa alilalamika kwamba hakuchomwa katikati ya nyusi. Daktari akamweleza kuwa hapo hapakuwa na mshtuko wa misuli. Mgonjwa akajibu kwamba anajua, ila kila akichomwa hapo uso wake huonekana mtulivu. Jioni ile Jean alimsimulia mumewe Alastair, daktari wa ngozi ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihangaika na mikunjo ya hapohapo kwa dawa za kujaza zisizomridhisha. Kesho yake wakamchoma mfanyakazi wao wa mapokezi, kwa ridhaa yake. Kuwapata wengine kulikuwa kazi, maana nani anakubali kudungwa sumu usoni? Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1992. FDA iliruhusu matumizi ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na ya pembeni mwa macho mwaka 2013. Katika miaka hiyo 11 madaktari wengi waliendelea kuchoma pembeni mwa macho kwa uamuzi wao wenyewe, jambo ambalo sheria za Marekani zinaliruhusu.

Sasa tuingie ndani ya msuli. Neva haiugusi msuli moja kwa moja, kuna upenyo mdogo mno kati yao. Amri huvuka upenyo huo kwa kemikali iitwayo asetilikolini, inayokaa ndani ya vifuko kwenye ncha ya neva ikingoja kumwagwa. Ili kifuko kifunguke lazima kwanza kishikamane na ukuta wa neva, na protini mojawapo inayokishikiza ni SNAP-25. Sumu huingia ndani ya neva na kuikata protini hiyo. Vifuko vimejaa, ubongo unaamuru, lakini hakuna kinachomwagika. Msuli ni mzima kabisa, haujaumia popote, ila umebaki bila habari.

Hayo hayatokei papo hapo. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku mbili au tatu na kukamilika karibu wiki mbili, kwa hiyo anayekuchoma leo na kukuongezea kesho kwa kuwa hujaona tofauti hajui anachofanya. Baada ya miezi mitatu au minne neva huwa imejirekebisha, mawasiliano yanarudi, na mikunjo nayo inarudi.

Kichupa chenyewe humshangaza mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, maana kinaonekana kitupu. Dawa imekaushwa na kubaki utando hafifu kwenye kitako cha glasi. Kichupa cha uniti 100 cha Botox kina takriban nanogramu 5 za protini ya sumu, yaani sehemu tano za bilioni ya gramu. Daktari huchoma kizibo kwa sindano yenye maji safi ya chumvi, na hapo kuna jambo la kutazama. Kichupa kimetolewa hewa kiwandani, hivyo kinapaswa kuyafyonza maji chenyewe. Kisipoyafyonza kinatupwa, hata kama bei yake inauma. Kwa mililita 2.5 za maji, kila sehemu ya kumi ya mililita hubeba uniti 4.

Kisha mgonjwa huombwa acheke kwa nguvu, daktari akatia alama. Kipimo kilichoidhinishwa ni sehemu tatu kila upande, uniti 4 kila sehemu, jumla uniti 24 kwa macho yote mawili. Sindano ni nyembamba sana, inaelekezwa mbali na jicho na kuingia juujuu tu, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyembamba na msuli uko chini yake palepale. Ukichomwa vizuri utaona kivimbe kidogo kikiinuka kisha kikinywea. Mishipa midogo ya damu imejaa eneo hilo, kwa hiyo doa la kuvilia damu si ajabu.

Ustadi wote umo katika kujua pa kuishia. Ukichoma chini mno kuelekea shavuni, dawa huufikia msuli unaoinua pembe ya mdomo, na mgonjwa anabaki na tabasamu la upande. Ukichoma karibu mno na jicho, dawa inaweza kuifikia misuli inayolisogeza, na mtu akaanza kuona vitu viwiliviwili. Mwenye kope la chini lililolegea kwa umri anaweza kushindwa kulifunga jicho sawasawa, likakauka. Ndiyo maana daktari makini hulivuta kope la chini na kuliachia kabla ya kufungua kichupa, aone linarudi upesi kiasi gani. Wajawazito huambiwa wasubiri, na wenye maradhi ya neva na misuli, kama yale ya misuli kuchoka upesi, huambiwa waachane nayo.

Nina rai yangu kuhusu kiasi. Mwaka 1862 Mfaransa Guillaume Duchenne, aliyekuwa akiisisimua misuli ya uso kwa umeme, alionyesha kwamba mdomo unaweza kutabasamu kwa kuamriwa, lakini msuli wa jicho hushiriki pale mtu anapofurahi kweli. Ukiunyamazisha kabisa, umebaki na uso unaocheka nusu, na watu watahisi kuna kitu hata wasipoweza kukitaja. Ningependa mistari michache ibaki.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya mikono ya daktari. Mwaka 2004 huko Florida watu wanne walilazwa wakiwa wamepooza baada ya kuchomwa sumu ya maabara isiyoruhusiwa kwa binadamu. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza visa vya watu walioathirika katika majimbo kadhaa, baadhi yao wakiwa wamechomwa Botox bandia au na watu wasio na leseni. Mtu anayechomwa Nairobi au Dar es Salaam ana haki ya kuoneshwa kichupa kabla hakijafunguliwa, kuona kimetoka kwenye friji, na kuuliza kama dawa na mchomaji wamesajiliwa. Pia aulize chapa ipi, kwani uniti za Botox na za Dysport hazilingani, na tangazo la «uniti kwa bei nafuu» bila jina la dawa halina maana yoyote.

Limebaki suala la ngozi zetu. Melanini hukinga dhidi ya jua, hivyo ngozi nyeusi kwa kawaida hukunjamana ikiwa imechelewa. Mkorogo huivuruga faida hiyo: krimu zenye steroidi huifanya ngozi nyembamba, na sindano ya msuli haiwezi kuirudishia unene wake. Tena wengi wanaofika wakilalamikia macho yaliyochoka hawana mikunjo kabisa. Wana bonde chini ya jicho, mahali ambapo mafuta yamepungua. Bonde halitibiwi kwa Botox. Linajazwa kwa fila, mara nyingi asidi ya hayaluroniki, nayo ikiingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa damu karibu na jicho inaweza kulipofusha ndani ya muda mfupi. Mapokezi yanayouza sindano hizo mbili kwa jina moja la «sindano ya macho» hayajamweleza mteja ni ipi kati ya hatari hizo anaiwekea sahihi.