Kazi ya biro: kukaa kutwa nzima si kupumzika

Ku Likasi, muji wa migodi, wengi wanaona kazi ya biro kuwa ya raha: hakuna vumbi, hakuna kubeba mizigo. Lakini mwili unaobaki kwenye kiti tangu asubuhi mpaka saa kumi unaumia pole pole.

Sababu iko hivi: misuli ya miguu inasaidia kurudisha damu kwenye moyo, tena inatumia sukari iliyo katika damu. Mtu akikaa bila kutikisika, misuli hiyo inalala. Miaka ikipita, hatari ya tansio, ya ugonjwa wa sukari na ya ugonjwa wa moyo inaongezeka.

Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha jambo hilo ku London. Madereva wa basi, wanaoshinda wamekaa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko wenzao wanaokatisha tiketi, ambao walipanda na kushuka ngazi za basi za gorofa siku nzima.

OMS inashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa juma. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha. Anayetoka Kikula anaweza kushuka ku taksi mbele kidogo, amalize njia kwa miguu. Ku biro, apeleke makaratasi mwenyewe, asimame akiongea ku simu, ainuke kila nusu saa.

Wakubwa wa kazi nao wasimuite mvivu mtu anayenyoosha miguu. Mwenye kuumwa kifua au kizunguzungu aone muganga kwanza.