Kamba Ipi kwa Mzigo Mzito?

Chukua kamba nne mpya za milimita 12, zote za kusokotwa, uzivute kwa mashine mpaka zikatike. Ya katani itaachia karibu na tani 1. Ya polipropilini, ile nyepesi ya rangi kali iliyojaa madukani, itafika tani 2. Poliesta itazidi hapo kidogo, na nailoni itakaribia tani 3. Ila kazini kamba haivutwi mara moja ikaisha. Inakutana na maji, jua na msuguano kila siku, na hapo ndipo mpangilio huo unapovurugika.

Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, hunywa maji, na ikilowa hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake au zaidi. Pia hunyumbuka sana. Kwa kuvuta gari lililokwama kwenye tope, au kushika nanga mawimbi yakipiga, hiyo ni sifa, maana hupunguza ukali wa mshtuko. Lakini ikikatika, nguvu yote iliyojikusanya hufyatuka kwa mkupuo, na kipande kinachorudi kinaweza kuvunja mguu au kuua. Usisimame kwenye mstari wa kamba iliyokazwa.

Poliesta hainyumbuki hivyo, hailegei majini na hustahimili jua. Ndiyo sababu mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori hufumwa kwayo. Polipropilini huelea, lakini jua huimaliza: pitisha kiganja juu ya iliyokaa nje miezi mingi, utabaki na chenga za nyuzi mkononi. Joto nalo huiyeyusha mapema, kwenye nyuzi 165 hivi, wakati poliesta hufika karibu 260.

Katani, zao la mkonge ulioingizwa Tanganyika mwaka 1893, haiyeyuki kwa msuguano na hushika fundo bila kuteleza. Adui yake ni unyevu. Huanza kuoza ndani huku nje ikionekana nzima, kwa hiyo kabla ya kuipa mzigo fungua msokoto kidogo uchungulie. Ukiona weusi au vumbi, au ukisikia harufu ya uvundo, itupe.

Kamba hukatikia pabovu, na fundo ni ubovu tunaoutia wenyewe. Kwenye mkunjo mkali, nyuzi za upande wa nje hubeba karibu mzigo wote huku za ndani zikibanwa tu, hivyo fundo laweza kula hata nusu ya nguvu. Ncha ikisukiwa vizuri ndani ya kamba yenyewe, karibu asilimia 90 hubaki.

Kwa hiyo namba ya kukatikia si namba ya kazi. Igawanye kwa 5 angalau, na kwa 10 au zaidi panapohusika uhai wa mtu. Nailoni ya tani 3 isipewe zaidi ya kilo 600, na katani ya tani 1 isizidi kilo 200. Ikiwa na fundo, punguza tena nusu.