Mshipa Gani, Mama?

Mama wa makamo huko Kasulu akimwambia mwanafunzi wa uuguzi, "Mwanangu, mshipa unaniuma," mwanafunzi bado hajaambiwa ugonjwa. Mshipa kwetu ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na mwanamume akisema ana mshipa huenda anataja ngiri. Vitabu vya chuo vimeandikwa kwa Kiingereza, ambamo kila maana kati ya hizo ina jina lake. Mgonjwa naye nyumbani huongea Kiha, na moyo kwake ni umutima. Ndiyo maana naamini istilahi za moyo zianze kufundishwa mwilini, orodha ya kukariri ije baadaye.

Chukua mkono wa mkulima wa Kibondo, ambao jembe limeisimamisha mishipa yake. Funga kitambaa juu ya kiwiko, usikaze sana, mishipa itavimba. Chagua mmoja ulionyooka, uubonyeze kwa kidole karibu na kifundo cha mkono na usiachie. Kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea kiwiko mpaka upite kinundu kidogo, kisha nyanyua hicho cha pili. Mshipa unabaki umelala, mtupu, na damu uliyoisukuma hairudi. Achia kidole cha kwanza: unajaa papo hapo, kutokea chini. Daktari Mwingereza William Harvey alilichapisha jaribio hili mwaka 1628 alipoonyesha kwamba damu huzunguka. Mshipa huo ni vena. Kinundu ni mahali ilipo vali, mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Sasa fungua kitambaa, weka vidole viwili kwenye kifundo, upande wa kidole gumba. Kinachodunda hapo ni ateri. Ateri hutoka moyoni, vena hurudi moyoni. Wengi huanguka hapa kwenye mtihani, kwa kuwa wamekariri kwamba ateri ni ya damu yenye oksijeni, kisha wanakutana na ateri ya mapafu, inayobeba damu iliyopungukiwa oksijeni. Shika njia inakoelekea, hutapotea.

Kati ya ateri na vena ziko kapilari. Aliyeuona mto Moyowosi atazielewa upesi: maji yanaingia kwenye matete, yanatawanyika, yanapunguza mwendo, halafu yanakusanyika tena kuelekea Malagarasi. Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu hupita moja moja, na katika mwendo huo wa taratibu tishu hupokea oksijeni na chakula, zikatoa taka.

Mto husukumwa na mteremko. Damu ina moyo. Vyumba vyake viwili, atria, hupokea, na viwili, ventrikali, husukuma, na kwa mtu mzima aliyetulia kila upande hupitisha kama lita 5 kwa dakika, dumu zima la mawese. Mdundo wa sauti mbili unaousikia kifuani ni vali zikijifunga.

Na presha? Kila aliye hai anayo. Anayesema "nina presha" anamaanisha imepanda. Katika 120 kwa 80, namba ya juu ni sistoli, ventrikali zikikaza. Ya chini ni diastoli, zikilegea na kujaa.

Turudi kwa yule mama. Mwanafunzi amuulize, "Mshipa gani, mama? Nionyeshe kwa kidole." Tuseme anaonyesha shavu la mguu mmoja, limevimba, lina joto, na mguu wa pili ni mzima. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na pande hilo likibanduka litafuata njia ya vena zote: moyo upande wa kulia, kisha ateri ya mapafu. Mguu huo usikandwe hata kidogo. Daktari aitwe sasa hivi.