Fahamu: Kwa nini Afrika ilipaza sauti baada ya kifo cha George Floyd?

Mei 25, 2020, mjini Minneapolis, Marekani, polisi Derek Chauvin alimkandamiza Mmarekani mweusi George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, hadi akafa. Video iliyorekodiwa na mpita njia iliwasha maandamano kote nchini humo. Kwingine yalikuwa ya amani. Kwingine maduka yaliporwa na kuchomwa moto.

Siku nne baadaye, Mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, alilaani mauaji hayo. Alikumbusha azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, 1964, lililopinga ubaguzi wa rangi Marekani. Malcolm X alikuwepo Cairo akiwaomba viongozi wa Afrika waunge mkono Wamarekani weusi.

Juni 2020, kundi la nchi za Afrika liliitisha mjadala wa dharura katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Pendekezo la awali la kuunda tume ya kuichunguza Marekani lililegezwa. Badala yake ikaagizwa ripoti kuhusu ubaguzi wa polisi duniani.

Chauvin alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu mwaka 2021.