Dakika 15 za kwanza za kuongezewa damu

Ndugu wakishahangaika kutafuta wachangiaji, maabara ikapima, na mfuko wa damu ukatundikwa juu ya kitanda, kila mtu hushusha pumzi. Kwa muuguzi, wakati wa hatari ndio kwanza unaanza.

Mwili ukiingiziwa damu ya kundi usiloafikiana nalo, huishambulia papo hapo. Chembe nyekundu hupasuka, shinikizo la damu hushuka, na figo zinaweza kushindwa kazi. Karl Landsteiner alitangaza ugunduzi wa makundi ya damu mwaka 1901, na vipimo vya leo ni vya kuaminika. Lakini maafa ya aina hii mara nyingi hayatoki maabara. Damu imepimwa sawasawa, ila ametundikiwa mgonjwa mwingine.

Ndiyo maana watumishi wawili husoma pamoja jina, namba ya faili, kundi, namba ya mfuko na tarehe ya mwisho wa matumizi, wakiwa hapo hapo kitandani. Sikiliza pia muuguzi makini anavyouliza. Hasemi, “Wewe ndiye Mwanaidi?” Mtu aliyezidiwa huitikia jina lolote. Huuliza, “Mama, jina lako kamili nani?” kisha husubiri jibu. Mgonjwa akiwa hajitambui, au ni mtoto mdogo, utambulisho wa mkononi na ndugu aliyepo ndio hujibu.

Kabla ya kuanza, hupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Kisha damu huachwa idondoke polepole kwa dakika 15 za mwanzo, na muuguzi anapaswa kuwa karibu, kwa sababu athari kali kabisa mara nyingi hujitokeza hapo, hata damu iliyoingia ikiwa kidogo sana. Homa ya ghafla, kutetemeka, maumivu ya kiuno au kifua, kuhema kwa shida, mkojo mweusi: ikitokea mojawapo, damu inafungwa mara moja. Mpira wote hubadilishwa, mshipa hulindwa kwa dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, daktari huitwa, na mfuko hurudishwa maabara. Hautupwi.

Dripu hiyo ya chumvi ndiyo pekee inayoruhusiwa kupita mpira mmoja na damu. Glukosi huweza kupasua chembe nyekundu. Dripu ya Ringer ina kalsiamu, nayo huweza kuigandisha damu ndani ya mpira.

Kalsiamu ina habari nyingine pia. Damu ya akiba haigandi kwa sababu imetiwa sitrati, ambayo hukamata kalsiamu. Mfuko mmoja hausumbui mtu mzima mwenye ini zima. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua, akipewa mifuko mingi kwa haraka, kalsiamu yake hushuka: midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, moyo hulegea. Potasiamu nayo huvuja kutoka kwenye chembe kadiri damu inavyokaa kwenye jokofu, na ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Watoto wachanga na wagonjwa wa figo ndio wa kuangaliwa zaidi.

Damu ikitoka kwenye jokofu ianze ndani ya dakika 30 na iishe ndani ya saa nne, bakteria wasije wakazaliana. Isichovywe kwenye maji ya moto.

Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku hawezi kukaa dakika 15 kwenye kitanda kimoja. Viongozi wa hospitali wapange damu isiyo ya dharura itundikwe mchana, watumishi wakiwa wa kutosha. Nawe ndugu unayemuuguza mgonjwa, usiguse kidhibiti cha mpira ili damu iwahi kuisha. Ukimwona anatetemeka au analalamika kiuno, usingoje zamu ibadilike. Nenda useme, “Sista, njoo umwone mgonjwa wangu sasa hivi.”